Uzoefu wangu: vituo viwili vya EAP225 kwa waya kwenye nyumba ya ghorofa

Nyumba niliyofunga vituo hivi vya Wi-Fi (vifaa vya kurusha mawimbi vinavyoungwa na ruta kwa waya) ni ya ghorofa moja, kuta za tofali za saruji za inchi 6, na slabu ya zege katikati. Ruta ya faiba iko sebuleni chini. Pale sebuleni kasi ilikuwa ile ile inayolipiwa, Mbps 50, ila vyumba vya juu upande wa nyuma vilikuwa vinaambulia makombo. Kinachoua mawimbi hapa ni slabu yenye nondo, na masafa ya 5 GHz huumia zaidi kuliko 2.4 GHz.

Wengi hukimbilia ripita ya kuchomeka kwenye soketi. Kwa nyumba ya namna hii siipendekezi. Ripita inapokea kwa redio na kurusha kwa redio. Kama ni redio hiyo hiyo moja inayofanya kazi zote mbili, kasi inashuka karibu nusu. Tena watu huichomeka pale mawimbi yanapoishia, kwa hiyo inachorudia ni mawimbi mabovu. Kituo kilichofikiwa na waya hakina shida hiyo: redio yake yote ni ya simu na kompyuta zako.

Nimetumia TP-Link EAP225 mbili, moja kwenye dari ya korido ya juu na nyingine chini upande wa jikoni, swichi ndogo ya mtandao yenye PoE (yaani inapeleka umeme kwa kituo kupitia waya ule ule wa mtandao), na waya wa mtandao wa Cat5e wa shaba. EAP225 ina mlango mmoja wa gigabiti 1, na redio zote mbili, 2.4 na 5 GHz. Cat5e inabeba gigabiti 1 hadi mita 100, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida usihangaike na Cat6, ambayo ni nene na inasumbua kupita kwenye bomba la ukutani lenye kona.

Ubahili usiufanyie kwenye waya. Madukani kuna boksi za mita 305 zenye bei ya kushangaza, na nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Linyanyue boksi: la shaba tupu ni zito. Kisha kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini inakatika upesi ikipindwa, na ukinzani wake ni mkubwa, hivyo ukipitisha umeme wa PoE volti zinapotea njiani. Matokeo yake kituo kinajizima na kujiwasha saa za jioni, watu wote wakiwa mtandaoni, halafu lawama zinakiangukia kituo.

Plagi nazibania kwa mpangilio wa T568B ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya nusu inchi, na ganda la nje liingie ndani ya plagi libanwe na ule ulimi wake, la sivyo nyuzi ndizo zitakazobeba uzito wote na siku moja zitachomoka. Pima kwa testa kabla ya kuziba ukuta. Kuna kosa moja linalojificha: mtandao unafanya kazi vizuri, lakini swichi inaonyesha Mbps 100 badala ya 1000. Mara nyingi ni uzi namba 4, 5, 7 au 8 usiogusa, maana Mbps 100 inahitaji 1, 2, 3 na 6 tu. Ukiwa na kifurushi cha Mbps 50 hutaligundua kosa hilo mpaka siku utakapopanda kifurushi.

Kwenye boksi la toleo nililonalo kuna injekta ya volti 24, kifaa kidogo cha kuingiza umeme wa PoE kwenye waya. Inafaa, ila inasukuma umeme bila kuuliza kilichopo upande wa pili, kwa hiyo usichomeke kompyuta kwenye mlango wake ulioandikwa PoE. Swichi ya kiwango cha PoE cha 802.3af inakagua kwanza ndipo itoe, na kila mlango hautoi zaidi ya wati 15.4. Mimi naipenda swichi kwa sababu nyingine kubwa zaidi: ukiiweka pamoja na ruta juu ya UPS (betri ya akiba) moja ndogo, umeme ukikatika nyumba nzima inabaki na Wi-Fi, juu na chini.

Upande wa mipangilio hakuna kazi kubwa. Kituo hiki hakigawi anwani chenyewe, kinaiachia ruta. Anayetumia ruta ya zamani kama kituo badala ya EAP225 azime DHCP (huduma ya kugawa anwani), abadilishe anwani yake iwe mfano 192.168.1.2 kama ruta kuu ni 192.168.1.1, na waya achomeke kwenye mlango wa LAN. Akichomeka kwenye WAN (mlango wa kuingizia intaneti) bila kubadili mipangilio, inakuwa mitandao miwili ndani ya nyumba moja: intaneti ipo, lakini simu ya juu haiioni printa ya chini.

Jina la mtandao, nywila na aina ya ulinzi vifanane kila mahali. Chaneli zitofautiane. Kwa 2.4 GHz nimeweka 1 kwenye ruta, 6 jikoni na 11 juu, upana wa 20 MHz.

Kisha punguza nguvu ya kurusha, hasa ya 2.4 GHz. Hili ndilo mafundi wengi wanaliruka. Anayeamua kuhama kituo ni simu yenyewe, na iPhone haianzi kutafuta kituo kingine mpaka mawimbi yashuke hadi -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, ndivyo yanavyokuwa dhaifu). Ukiacha kila kituo kinapiga kelele kwa nguvu zote, simu inapanda ngazi huku imeng'ang'ania kituo cha jikoni. Kuhama haraka kwa 802.11k na v, viwango vinavyoisaidia simu kuchagua kituo, kunahitaji programu ya Omada ya kusimamia vituo, ya bure kwenye kompyuta au kwenye kifaa cha OC200 kinachobaki kimewashwa. Bila hiyo, sauti ya simu ya WhatsApp inaweza kukatika kidogo unapohama, kisha ikarudi. Kwa matumizi ya nyumbani mimi naona inavumilika.

Kwa banda la uani usivute waya wa shaba kupita nje. Radi ikipiga hata jirani, umeme wake unaingia kwenye waya huo na kuunguza milango ya swichi na ruta pamoja. Pitisha faiba, na kila ncha iwe na kigeuzi cha faiba kwenda Etheneti.