Paneli za Jua Shuleni Mufindi: Kazi Nzuri, Betri Ndogo

Mafundi waliofunga paneli za jua katika shule yetu ya sekondari ya serikali, hapa Mufindi, walifanya kazi ya kuaminika: walizielekeza kaskazini, kama inavyopaswa kusini mwa ikweta, wakaziinamisha ili mvua izioshe, na wakaacha nafasi ya hewa juu ya bati, kwa kuwa paneli hupungua nguvu zinapopata joto (na hapo baridi yetu ni neema). Fedha za LUKU (umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia) zimepungua waziwazi, na sehemu ya kilichookolewa sasa hununua kemikali za maabara. Ninachosikitikia ni betri, ambazo hazitoshelezi masomo ya jioni katika siku za ukungu wa Juni na Julai, jambo ambalo kampuni ilipaswa kulipima kabla ya kutuuzia.