Chanjo ya tetekuwanga kwa mtoto wa nasari hapa Nakuru: uzoefu wangu

Nianze na pesa, maana hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Tetekuwanga haimo kwenye chanjo za bure za serikali. Pekua kitabu cha kliniki utaona BCG, polio, pentavalenti, ya nimonia, rota, surua na rubela ya miezi 9 na ile ya 18. Hii huioni. Unajinunulia mwenyewe hospitali ya kibinafsi. Mimi ilinitoka zaidi ya elfu tano kwa sindano moja, na bima ya kazini kwa mume wangu ikakataa katakata kuilipia. Mume mwenyewe aliniuliza mara mbili kama sikusikia vibaya.

Na bado ningelipa tena.

Binti yetu anaenda nasari upande wa Section 58. Watoto wa miaka miwili hulala kwenye vigodoro vilivyobanana, hunyang'anyana vikombe na kupanguzana makamasi. Tetekuwanga huambukiza kwa hewa na kwa majimaji ya malengelenge, tena huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Mwalimu akija kuona doa kwenye shingo ya mmoja, wenzake wameshagawiwa, ila dalili zao hazitatokea mpaka siku 10 hadi 21 zipite. Mtoto akiugua, anakaa nyumbani mpaka kila lengelenge likauke na kushika ukoko. Nina duka la vitambaa mjini. Mtoto akilala, duka nalo linalala.

Shosho wake wa Njoro hakuelewa. Kwao tetekuwanga ni ugonjwa wa utotoni, uache umpate mapema, umwogeshe kwa majani ya mwarobaini, basi. Kweli watoto wengi hupona hivyo. Lakini kirusi chake hakitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na uzeeni huweza kuamka kikawa mkanda wa jeshi. Nilimkumbusha ule uliomshika ubavuni mpaka akashindwa kuvaa blauzi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa, mchanjeni, lakini mwarobaini nitauleta.

Jirani yangu yeye aliogopa kwamba ni kitu kipya wanachotujaribia. Si kipya. Ilitengenezwa Japani miaka ya 1970, na Marekani wanawachanja watoto wao tangu 1995.

Sasa huduma yenyewe. Hospitali ya kwanza, sitaitaja, waliniambia kwa simu kwamba chanjo ipo. Nikafunga duka, nikapanda boda na mtoto, kufika naambiwa imeisha, jaribu wiki ijayo. Dada wa mapokezi hata hakuinua macho kwenye kompyuta. Chanjo hii haiwekwi kwa wingi kama zile za serikali, kwa hiyo usitosheke na "ipo". Omba wakuandikie jina na wakuwekee.

Kliniki ya pili, ya Milimani, waliagiza ndipo wakanipigia. Nesi aliomba kitabu kabla ya kitu kingine. Akapitisha kidole kwenye kurasa, akasimama pale pa sindano ya surua ya miezi 18, ambayo binti alikuwa ameipata juzijuzi tu. Akanieleza kwamba zote mbili zina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo hutolewa siku moja, au zikitenganishwa basi wiki nne zipite. Akaturudisha nyumbani bila kuchukua hata shilingi. Hapo ndipo nilipowaamini.

Tuliporudi aliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote wa kupunguza kinga au amewahi kuongezewa damu. Akatoa kichupa kwenye friji, akanionyesha tarehe ya kuisha na kipimajoto kilichokuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani ya kichupa hamna maji, mna unga mweupe ulioganda chini kama chembe ya chaki. Aliuchanganya na maji yake mtoto akiwa tayari mapajani mwangu, kwa sababu ukishachanganywa una dakika 30 tu. Sindano ikaingia mkononi, juu ya kiwiko, chini ya ngozi. Alilia mpaka alipomwona twiga aliyechorwa ukutani. Kitabuni hakuna mahali pa chanjo hii, kwa hiyo nesi aliiandika kwa kalamu ukurasa wa nyuma pamoja na namba ya kichupa, akagonga muhuri. Akanionya nisimpe aspirini kwa wiki sita.

Usiku joto lilipanda kidogo, parasetamoli ikamaliza kazi. Mkono ulikuwa mwekundu kesho yake, zaidi ya hapo hakuna.

Muhula haukuisha kabla ujumbe haujaingia kwenye WhatsApp ya wazazi: tetekuwanga darasani. Kuna watoto waliotoka malengelenge hadi mdomoni, hawali, hawalali, wamepakwa kalamaini mwili mzima. Wetu alipata vipele vichache tumboni na kimoja nyuma ya sikio, havikujaa maji, na aliendelea kucheza. Daktari akasema hutokea kwa aliyepata dozi moja: huzuia ugonjwa kwa takribani watoto wanane kati ya kumi, na ule mkali huuzuia karibu wote. Hata hivyo, huyo mwenye vipele vichache bado anaweza kuambukiza, kwa hiyo alikaa nyumbani kama wengine. Mama mmoja wa darasa letu alimkimbiza wake kuchanjwa siku ileile ya ujumbe. Hilo pia linawezekana: ndani ya siku tatu, hadi tano, tangu mtoto akutane na mgonjwa, chanjo bado husaidia.

Kliniki naipa nyota nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu hakuna aliyenitajia dozi ya pili mpaka nilipouliza mwenyewe. Kwa kawaida hutolewa kati ya miaka 4 na 6, lakini inaweza kutolewa mapema, mradi miezi mitatu iwe imepita. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza ya sindano mbili. Yetu tumeiweka Desemba nasari ikifungwa, na safari hii nitapiga simu Novemba.