Winchi ya Harken Radial 40: nzuri, ila fungua kwanza uliyo nayo

Kwa mashua ya matanga ya mita 10 hivi iliyoundwa miaka ya 1970 au 1980, Radial 40 ya kampuni ya Harken, yenye giya mbili, ni winchi (mashine ya mkono ya kuvutia kamba) ya saizi inayofaa kwa demani, yaani kamba za kukazia na kulegezea tanga la mbele. Juu ya ngoma, ile silinda inayozungushiwa kamba, ina taya zinazobana kamba zenyewe, kwa hiyo anayezungusha mpini hahitaji mwenzake wa kuvuta mkia wa kamba. Hapo ndipo pesa inapokwenda. Kama mashua yako ina mabaharia wanne kila safari, hutaiona faida yake sana.

Nguvu yenyewe si muujiza. Ngoma ina kipenyo cha milimita 80, giya ya pili ina uwiano wa 6.28, na kwa mpini wa milimita 254 unapata takriban 40 kwa 1, yaani nguvu ya mkono wako inazidishwa mara 40. Ndiyo hiyo 40 ya jina lake. Funga mpini mfupi wa milimita 203 na utashuka hadi kama 32. Wako wanaolaumu winchi kumbe tatizo ni mpini.

Sifa yake kubwa ni ngoma. Badala ya uso uliokwaruzwa kama msasa unaokula kamba, ina matuta yaliyolala mshazari. Unapolegeza demani, matuta hayo huisukuma mizunguko ya kamba kuelekea chini, hivyo si rahisi kupandana na kukabana. Taya nazo huchagua: kamba nyembamba kuliko kipimo chake huponyoka, na kamba ya zamani iliyokakamaa haikai vizuri. Weka bei ya demani mpya kwenye hesabu.

Kazi ngumu ni kuifunga. Matundu ya winchi ya zamani hayatalingana na ya mpya, na mara nyingi maji yameshaingia kwenye mbao iliyo kati ya tabaka za faibaglasi za sitaha. Chokonoa mbao hiyo kuzunguka kila tundu kiasi cha sentimita 1, ikauke kabisa, jaza epoksi (gundi inayoganda ikawa ngumu) iliyokolezwa unga wake, kisha toboa upya. Tumia bolti za chuma cha pua cha daraja la 316, zipakwe dawa ya kuzuia kutu pale zinapogusa alumini, na chini ya sitaha weka bamba la alumini la milimita 6 au zaidi. Washa, kile kisahani cha bolti, peke yake haitoshi; mzigo utaizamisha kwenye faibaglasi na sitaha itapasuka.

Kabla ya kutoboa, geuza kitako hadi giya inayoendesha ngoma iwe upande ambako demani inaingilia, kama maelekezo ya Harken yanavyotaka. Kamba nayo ifike ngomani ikitokea chini kidogo, kwa pembe ya nyuzi 5 hadi 10. Ikija imenyooka au ikitoka juu, mizunguko itapandana hata kwenye ngoma hii. Gundi ya kuzuia maji ipakwe kuzunguka bolti tu. Ukiipaka kitako kizima utaziba matundu ya kutolea maji, na winchi itakaa kwenye chumvi yake yenyewe.

Sasa upande wa pili wa mizani. Winchi ya shaba ya zamani inayoteleza huenda haijafa. Chukua boksi, likate tundu la saizi ya kitako na ulivishe winchi, springi zisirukie baharini. Toa ngoma, piga picha kila hatua, osha vyote kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha. Kagua meno ya giya, beringi, na vile vilimi vidogo vinavyotoa mlio wa tak-tak na kuizuia ngoma isirudi nyuma. Kilimi kilicholika ukingo hubadilishwa pamoja na springi yake, na ni vitu vya bei ndogo. Meno ya giya yakiwa yamelika na vipuri havipatikani, hapo nunua mpya.

Wakati wa kurudisha, grisi kidogo kwenye meno na beringi, lakini vilimi vipate tone la oili nyepesi tu. Hili ndilo kosa linaloua winchi nyingi, mpya kwa za zamani. Grisi ikikakamaa hukishika kilimi kikalala, giya inaachia ikiwa na mzigo, na mpini unarudi kwa kasi ya kuvunja mkono. Kibonyeze kwa kidole: kisiporuka mara moja, safisha tena.

Kati ya alumini nyeusi na shaba iliyopakwa kromu, ningechukua alumini kwa uzito wake, ingawa huwa ya moto juani na mikwaruzo huonekana upesi.

Ikiwa usukani ni wa gurudumu, kufunga nati kutakupeleka kwenye shubaka la nyuma zinakopita waya za usukani. Pitisha karatasi laini iliyoloweshwa oili kwenye urefu wote wa waya, hasa zinapopinda kwenye kapi. Karatasi ikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya huo unabadilishwa kabla ya winchi.