Winchi yangu ilivyopona cheche, nimetengenezea Mabatini

Wadau wenye winchi (mashine ya kuvuta boti kwa kamba) mwaloni hii inawahusu. Mimi niko Kirumba, Mwanza, winchi yangu ni ya mota ya DC volti 24 na inavuta pande zote mbili, kamba moja inapandisha boti, nyingine inapita kwenye puli kule majini inairudisha ziwani. Ikaanza kutoa cheche kwenye kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Fundi wa kwanza, simtaji, akalegeza kishikio cha kaboni akakisogeza kidogo, cheche zikapungua nikamlipa. Kupandisha ikawa safi kabisa ila kurudisha jamani, moto wa bluu komyuteta nzima (ile ringi ya vipande vya shaba inayosuguana na kaboni), na kaboni mpya wiki tatu tu zimekwisha.

Ndo nikaelekezwa kwa fundi wa Mabatini. Hakugusa spana, aliuliza kwanza, "Mzee, hii inazunguka upande mmoja au wote?" Nilipomjibu akaniambia kosa liko hapo hapo. Mota ikibeba mzigo, sumaku ya amecha (sehemu inayozunguka) inaipinda ile ya poli (sumaku zilizofungwa pembeni), sehemu ya katikati ambayo kaboni inatakiwa ikae inarudi nyuma kinyume na mzunguko, kwahiyo ukirudisha kaboni nyuma cheche zinapungua kweli, lakini ukigeuza mzunguko zinakuwa upande mbaya kabisa. Na yangu haina zile poli ndogo za katikati za kusaidia, so lazima kaboni zikae katikati kamili.

Kupata katikati alitenganisha waya za fildi (koili za zile poli), akawa anazigusisha betri na kuachia huku mita ya mshale iko kwenye kaboni na amecha imetulia. Mita nilishika mwenyewe. Mwanzo mshale unaruka sana, akasogeza, ukaruka kidogo, akasogeza tena kama unene wa kucha, ukatulia tuli, hapo ndo katikati! Akakaza, akapiga alama kwa patasi.

Baada ya hapo akachimba mika (kile kizuia umeme) kati ya vipande vya shaba, akazungushia komyuteta msasa wa kawaida ili kaboni zichukue umbo lake. Msasa wa chuma alikataa, chembe zake zinapitisha umeme zikinasa pale.

Kasoro ni muda, aliahidi siku moja zikawa nne, na boti ililala nje. Bei elfu 95, naona ni haki. Boti ikiwa nzito bado kuna vicheche vidogo, alinitahadharisha mapema, ila ni sawa pande zote, na komyuteta sasa ina rangi ya chokoleti, laini, haina mkwaruzo.