Vichanganuzi vya sentensi kwa Kiigbo: nilichokiona

Nimevitumia vichanganuzi viwili vinavyotoa miti ya utegemezi (michoro inayoonyesha neno lipi linategemea lipi) kwa muundo wa CoNLL-U, yaani faili lenye neno moja kila mstari. Hakuna kilichofunzwa kwa miti ya Kiigbo. Vyote vinaazima sarufi ya lugha nyingine. Cha kwanza kimejengwa juu ya XLM-R, modeli ya lugha 100 ambamo Kiswahili na Kihausa vimo, Kiigbo hakimo. Cha pili kiko juu ya AfroXLMR ya mwaka 2022, ambamo Kiigbo kimo, kikafunzwa kwa hazina za UD (Universal Dependencies, mkusanyo wa sentensi zilizochanganuliwa kwa kanuni moja katika lugha nyingi) za Kiwolofu na Naija, pijini ya Nigeria. Hiki cha pili ndicho ninachokipendekeza.

Kwanza safisha maandishi. Herufi ọ huandikwa kwa namna mbili: alama moja (U+1ECD), au o ikifuatwa na nukta ya chini (U+0323). Machoni ni ileile, ila programu inaona maneno tofauti. Pitisha faili zima kwenye NFC, kanuni ya Unicode inayounganisha herufi na nukta yake kuwa alama moja. Kisha fanya ritifaa zote ziwe za aina moja, la sivyo n'ụlọ (nyumbani) hukatwa ovyo na kihusishi n' kinapotea.

Sentensi ya kukipimia chombo chochote ni hii: Ada na Obi maara na Eze na-arụ ọrụ na Enugu. Maana yake, Ada na Obi wanajua kwamba Eze anafanya kazi Enugu. Kuna "na" nne, kila moja na kazi yake: kiunganishi, "kwamba", kitenzi kisaidizi, kihusishi. Chombo cha kwanza kilifanya ya pili kuwa kiunganishi, Eze akaungwa na Ada na Obi, na mti wote ukaharibika. Cha pili kilizipata zote hapa, ingawa hiyo ya "kwamba" bado hukitatiza kwenye sentensi ndefu.

Vitenzi mfululizo ndivyo vinavyotenganisha kizuri na kibovu. O were mma bee ji: alichukua kisu akakata kiazi kikuu. Kiima kimoja, vitenzi viwili, hakuna kiunganishi. Cha kwanza kiliifanya mma kiima cha bee, yaani kisu ndicho kilichokata, kwa sababu kimezoea kwamba nomino iliyotangulia kitenzi ni kiima. Naija ina muundo huohuo wa Kiigbo, kwa hiyo cha pili kiliweka compound:svc, lebo ya UD ya vitenzi mfululizo, inavyotakiwa.

Kuna kisichotatuliwa na chochote kati ya hivi. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni, na nwoke riri nri yaweza kuwa "mwanamume alikula chakula" au "mwanamume aliyekula chakula". Tofauti iko kwenye toni. Hapo lazima msemaji wa Kiigbo akague mwenyewe.

Ukipima, tumia programu ya conll18_ud_eval.py na usome CLAS pamoja na LAS, yaani kiwango cha maneno yaliyounganishwa mahali sahihi kwa lebo sahihi. CLAS haihesabu alama za uakifishi wala maneno ya kisarufi, ambayo hupandisha alama za sentensi fupi bila stahili. Ila "na" zote nne za sentensi ile ni maneno ya kisarufi, kwa hiyo zihesabu kando. Usitumie aya za Biblia peke yake. Changanya na habari. Na kabla ya watu wawili kuanza kuchanganua kwa mkono sentensi za kupimia, kubalianeni kuhusu gba ọsọ (kukimbia) na gba egwu (kucheza ngoma), ambazo zimeundwa kama "piga simu" yetu: je, nomino ni yambwa au ni sehemu ya kitenzi? Msipokubaliana, alama zitashuka na chombo kitalaumiwa bure.

Kwa kuchopoa kiima na yambwa katika sentensi fupi za habari, cha pili kinatosha. Kwa kujenga hazina mpya ya Kiigbo, kitumie kutoa rasimu tu, kila mti ukaguliwe.