Diski za RAID kwa kompyuta ya mezani: ipi ununue kwanza

Wenye studio za picha Mwanjelwa, steshenari za Uyole na ofisi za mahesabu kule Iringa mjini wana jambo moja linalonitia wasiwasi: kazi zote za wateja zimelala kwenye diski moja. Ikifa, utamwambia nini bibi harusi? RAID huunganisha diski kadhaa zikafanya kazi kama moja. Nazipanga hapa kwa jinsi ninavyozishauri.

Namba moja ni RAID 1. Unanunua diski mbili za ukubwa mmoja, na kila kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Mbili za terabaiti 4 zinakupa terabaiti 4 tu, na hapo ndipo wengi hunung'unika. Lakini hicho ndicho unacholipia: moja ikifa leo, kazi inaendelea, unachomeka mpya, nakala inajengwa upya. Huhitaji kadi ya ziada. Programu za kuunganisha diski zipo tayari: Windows ina Storage Spaces tangu toleo la 8, na Linux ina mdadm. Naziamini kuliko RAID ya kwenye mazabodi, kwa sababu bodi ikiungua huenda ukalazimika kutafuta nyingine ya jamii ileile ndipo diski zisomeke vizuri.

Namba mbili, RAID 10: diski nne, nafasi ya mbili, na kasi nzuri. Inamfaa mhariri wa video mwenye kazi nyingi. Hakikisha kwanza keisi ina nafasi na pawa saplai inazimudu.

RAID 5 naiweka ya tatu, ingawa kwa hesabu inavutia: diski tatu za terabaiti 4 zinakupa 8. Tatizo ni umeme. Ukikatika katikati ya kuandika, data na hesabu ambayo RAID 5 huiandika ili kuirejesha zinaweza kupishana, nawe usijue mpaka siku diski moja inapokufa. Kama huna UPS (betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika), achana nayo.

RAID 0, inayogawa data kwenye diski bila nakala, usiiguse kwa kazi ya mteja. Diski moja ikifa, vyote vimekwenda.

Sasa diski zenyewe. Dai CMR, siyo SMR; hizi ni njia mbili za kuandika data kwenye diski. Kwenye CMR mistari ya data haipandani, kwenye SMR hupandana kama vigae, kwa hiyo kujenga upya RAID huchukua muda mrefu mno. Usitegemee jina la boksi: mwaka 2020 Western Digital ilithibitisha kwamba baadhi ya WD Red ni SMR, Red Plus ndizo za CMR. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke palepale, ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Sekta (vipande vya diski) mbovu zilizohamishwa (Reallocated) na zinazosubiri (Pending) zote zisome sifuri. Saa 30,000 za kuwaka ni zaidi ya miaka mitatu mfululizo, hiyo mrudishie.

Bajeti ikibana, punguza ukubwa wa diski, usikate UPS. Mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi, na umeme unaorudi kwa kishindo huweza kuua diski zote mbili kwa pamoja. Nunua pia diski ya nje ikae nyumbani, maana RAID haikuokoi ukifuta faili, ukiingiliwa na virusi, au mwizi akibeba keisi nzima.

Kabla fundi hajafunga keisi, mwambie abandike namba ya utambulisho (serial number) ya kila diski mahali inapoonekana. Siku moja ikifa, mtajua ya kuchomoa.