Uzoefu wangu na inveta iitwayo “5000” inayotoa wati 2,500

Inveta ninayoizungumzia, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani, imefungwa katika duka la mke wangu Makorora, jijini Tanga, ambako tunauza barafu, maji baridi na juisi ya ukwaju. Kazi yake ni kuendesha friza moja, friji ya mlango wa kioo, feni, taa na blenda pale umeme wa TANESCO unapokatika, na kupunguza matumizi ya Luku mchana wa jua, kwa umeme wa paneli, hata kama umeme upo. Ubavuni imeandikwa 5000 kwa tarakimu zinazosomeka kutoka ng’ambo ya barabara, ilhali nguvu inayoweza kuitoa mfululizo ni wati 2,500. Nimeridhika na kifaa chenyewe, lakini sijaridhika hata kidogo na jina kilichopewa. Chapa sitaitaja, kwa sababu mtindo huu wa kubatiza inveta nimeukuta kwenye maboksi ya kampuni nyingi, na kuiandama moja kungempotosha msomaji akadhani nyingine zote ni safi.

Niliinunua katika duka la vifaa vya umeme Ngamiani. Kijana aliyekuwa kaunta alinipokea kwa heshima zote, akanitandikia inveta tatu mezani, akaisifia hii zaidi: “Mzee wangu, hii ni elfu tano, inavuta mpaka pasi na jiko kwa pamoja.” Nikamwomba aigeuze nisome kibandiko kidogo cha nyuma, kile chenye maandishi ya kuhitaji miwani. Hapo palikuwa na habari tofauti kabisa na ya ubavuni: nguvu ya kudumu wati 2,500, nguvu ya kilele wati 5,000, betri volti 24, umeme unaotoka volti 230 na hezi 50. “Mwanangu,” nikamwambia, “hizo elfu tano unazoziuza ni za kufumba na kufumbua.” Alicheka, akakiri kwamba wateja wengi huuliza namba kubwa tu na hakuna anayegeuza boksi. Tukapatana bei ya inveta ya wati 2,500, si bei ya jina, nami nikaichukua kwa sababu mahitaji ya duka hayafiki hapo.

Nguvu ya kilele si uongo, ila haiwezi kutumiwa kama watu wanavyoidhania. Mchukuzi wa Soko la Mgandini anaweza kulinyanyua gunia hadi begani kwa mkupuo mmoja, lakini kulibeba hadi stendi ni habari nyingine. Kompresa ya friza yetu hutumia takribani wati 150 ikishatulia, lakini inapoamka huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa sehemu ya sekunde, na ni kwa ajili ya mvuto huo mfupi kwamba inveta hupewa akiba ya kilele. Mwenye pampu ya maji anapaswa kulizingatia hili zaidi kuliko mwenye friza. Nguvu ya farasi moja ni wati 746 zinazotoka kwenye shina la mota, umeme unaoingia unazidi hapo, na mvuto wa kuanza ni mkubwa kuliko yote mawili. Akiba hiyo ni kitu kizuri, na ningemshuku muuzaji asiyeweza kuniambia kiasi chake. Kosa ni kuipandisha ikawa jina la bidhaa.

Inveta ya pili aliyonionyesha ilikuwa na kasoro ya namna nyingine, ambayo kwa maoni yangu huwapata watu wengi zaidi kwa sababu haionekani kama kasoro. Iliandikwa 3000VA. VA ni voltampia, yaani volti ukizizidisha kwa ampia. Voltampia na wati hulingana tu pale ambapo mkondo na volti vinakwenda pamoja, kama kwenye pasi au birika la umeme. Kwenye vifaa vyenye mota huwa havilingani, na watengenezaji wengi hukadiria kwamba wati zitakuwa asilimia 80 ya voltampia. Kwa hiyo 3000VA ile ni wati 2,400. Hata kampuni zinazoheshimika hufanya hivyo, tofauti yao ni kwamba huweka hesabu yote wazi kwenye karatasi za kiufundi. Victron ya Uholanzi, kwa mfano, ina inveta ya MultiPlus iitwayo 12/3000/120, jina ambalo mtu akishalizoea linamwambia mengi: betri ya volti 12, voltampia 3,000, chaja ya ampia 120. Karatasi yake inasema inatoa wati 2,400 katika nyuzijoto 25, wati 2,200 katika nyuzijoto 40, na wati 1,700 tu joto likifika 65. Nyingine ni Axpert, inayotengenezwa na Voltronic Power ya Taiwan na kuuzwa duniani kwa majina ya kampuni tele. Toleo la MKS la 5K, yaani elfu tano, lilikuwa la voltampia 5,000 na wati 4,000, wakati toleo la VM III lenye namba hiyo hiyo ya 5K linatoa wati 5,000 kamili. Mtu akiuziwa “5K” iliyotumika, pasipo kujua ni toleo gani, hajui bado amenunua nini.

Habari ya joto hapa kwetu si jambo la pembeni. Ikifika Januari na Februari, chumba cha nyuma cha duka lililoezekwa bati, chenye friza mbili za jirani zinazotema joto kwenye ukuta uleule, hakifanani na maabara ya nyuzijoto 25 ambamo kifaa kilipimwa. Mwongozo wa inveta yangu unasema nguvu inashuka hadi wati 2,000 joto likipita 40. Nililijaribu hilo mwenyewe. Asubuhi, friza ikiwa inanguruma, nilichomeka birika la wati 2,000. Kioo cha inveta kikaonyesha wati 2,100 na ushee, na maji yakachemka pasipo tatizo. Mchana wa jua kali mzigo uleule ulifanya feni yake izunguke kwa kasi yote, na birika la pili halijachemka taa ya onyo la joto ikawaka. Halafu, asubuhi nyingine, niliongeza pasi ya wati 1,000 juu ya birika na friza, ikapiga kengele na kuzima baada ya sekunde chache, ikijilinda kama inavyopaswa. Inveta ya wati 5,000 za kweli isingefikishwa hata theluthi mbili na mzigo ule.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji birika wala pasi, na fundi umeme yeyote wa mjini anaweza kumfanyia mteja palepale kaunta. Ni kutazama fyuzi na nyaya za upande wa betri. Waya uliokuja na inveta yangu una fyuzi ya ampia 125. Ukizidisha ampia 125 kwa volti 24 unapata wati 3,000, na ukiondoa kinachopotea ndani ya inveta kwa joto, kinachobaki kinakaribia sana zile 2,500 za kibandiko. Kwa wati 5,000 za mfululizo ingetakiwa ivute zaidi ya ampia 200 kutoka kwenye betri, na fyuzi ile isingekaa hata muda wa kukoroga chai. Inveta ya tatu pale mezani ilikuwa ya volti 12, iliyoandikwa 3000W ubavuni, yenye nyaya nyembamba za kubana kwenye betri kwa vibanio kama vya kuwashia gari. Wati 3,000 kutoka volti 12 ni ampia 250 kabla ya kuhesabu kinachopotea. Sikuona haja hata ya kuuliza kibandiko chake kinasemaje.

Betri nayo ina sauti yake katika jambo hili. Siku hizi betri za lithiamu za volti 12.8 na ampia-saa 100 zimeingia hadi maduka madogo, na nyingi zina saketi ya ulinzi inayoruhusu ampia 100 mfululizo, yaani kama wati 1,280. Mtu anayeifunga moja kwenye inveta ya wati 3,000, hata kama inveta ni ya kweli, amenunua mfumo wa wati elfu moja na mia kadhaa. Sisi tumetumia betri mbili za asidi za ampia-saa 200 zilizounganishwa kwa mfuatano kupata volti 24. Kwenye karatasi hizo ni wati-saa 4,800, lakini betri za asidi zikiteremshwa kila siku chini ya nusu huchoka mapema, kwa hiyo tunajihesabia 2,400.

Hapo ndipo nilipokutana na gharama ambayo hakuna kaunta inayoitaja. Inveta inapokaa imewashwa bila mzigo wowote hula wati 35 kwa ajili yake mwenyewe. Kwa saa 24 ni wati-saa 840, zaidi ya theluthi moja ya akiba yetu yote ya kutumia. Kwa kawaida inveta kubwa hula zaidi ya ndogo ya aina ileile, na hivyo anayenunua namba kubwa “ili iwe na nafasi” hulipa nafasi hiyo kila usiku. Yangu ina hali ya kusinzia inayopunguza ulaji huo, lakini friza yetu ina kidhibiti cha kielektroniki ambacho huchanganyikiwa inveta inaposinzia na kuamka, kwa hiyo nimeizima hali hiyo na kuikubali hasara.

Kwa wanaotaka inveta yenye sehemu ya paneli ndani yake, kuna namba nyingine ya kusoma ambayo haipo kabisa kwenye jina, nayo ni volti za upande wa jua. Growatt SPF 5000 ES, ambayo namba yake ya 5000 ni wati 5,000 halali, huanza kuvuna umeme wa paneli kuanzia volti 120 na haivumilii zaidi ya volti 450. Paneli kubwa za siku hizi za wati 550 hutoa karibu volti 50 kila moja pasipo mzigo, hivyo mwenye paneli mbili tu, ambazo hata kwa mfuatano hufikisha karibu volti 100, hawezi kuiamsha hata jua likiwa utosini. Yangu ni ya namna ya zamani, ya volti za chini, na paneli nne za wati 330 tulizofunga juu ya bati, mbili mbili, zinaifaa. Wakati wa kuchagua usiulize tu inabeba wati ngapi za paneli. Uliza pia inaanzia volti ngapi na inaishia volti ngapi.

Kwa upande wa utendaji wake wa kila siku, sina malalamiko makubwa. Umeme wake ni wa mawimbi safi, si ule wa ngazi ngazi wa inveta za bei ya chini unaofanya feni ivume na kompresa ipate moto. Umeme wa TANESCO unapokatika, hubadilisha upande haraka kiasi kwamba taa hupepesa tu na mizani ya kidijitali ya mke wangu haizimi. Kelele ya feni inaudhi mchana, ingawa hapa dukani humezwa na blenda. Jambo linalonitia wasiwasi ni ganda lake, ambalo lina matundu mapana na kiwango cha kinga cha IP20, maana yake halikingwi na maji kabisa, na upepo wetu wa baharini una chumvi inayokula bati seuze bodi za saketi. Nimeifunga kwenye ukuta wa ndani ulio mbali na mlango, na fundi huifungua na kuipuliza vumbi anapokuja kukagua betri.

Kabla ya kulipa nilimwomba kijana wa kaunta asiandike kwenye risiti “inveta 5000” peke yake, bali aongeze “volti 24, wati 2,500 za kudumu”. Alisita kidogo, akamwita mwenye duka, na mwenye duka akaridhia. Dhamana ni ya mwaka mmoja, na sikutaka siku ya kuirudisha tuanze kubishana kama imeshindwa kazi iliyouziwa au kazi iliyoandikwa ubavuni.

Kwa duka dogo la vinywaji, saluni isiyotumia mashine nyingi za kukaushia nywele kwa wakati mmoja, au nyumba yenye friji, televisheni na taa, naipendekeza inveta hii kwa bei ya wati 2,500. Kwa anayetaka kupikia jiko la umeme, au kuendesha kiyoyozi na pampu kwa pamoja, haifai. Mke wangu amebandika juu ya soketi zake karatasi yenye namba 2,000, kwa ajili ya binti anayemsaidia dukani, na 5000 ya ubavuni ameifunika kwa kalenda.